Fiona: Jina la Kale Lililozaliwa Juzi

Fiona ni jina la kike kutoka Uskoti. Maana yake ni "mweupe" au "mwenye nywele ng'avu", na limejengwa juu ya neno la Kigaeli fionn, linalotumika kwa kitu cheupe, chenye nuru na cha kupendeza machoni. Kigaeli ni lugha ya asili ya Nyanda za Juu za Uskoti na visiwa vya magharibi, nayo ni ndugu wa karibu wa Kiayalandi. Kwa kuwa mzizi wake ni wa kale sana, wengi huamini kwamba hata jina lenyewe limerithiwa kutoka kwa mababu, na kwamba mabibi wa ngome za karne za kati waliitwa hivyo. Ukweli ni mwingine, nao unavutia zaidi. Fiona ni jina lililotungwa. Mwandishi mmoja wa karne ya 18 ndiye anayetajwa kuwa wa kwanza kulitumia, na mwandishi mwingine wa mwisho wa karne ya 19 akalipa uhai. Wote wawili walikuwa Waskoti, na kila mmoja aliandika akiwa amejificha nyuma ya mtu mwingine.

Mzizi unastahili kuelezwa kwanza. Wataalamu wa isimu hulirudisha neno fionn hadi kwenye lugha mama ya Wakelti, ambako lilikuwa na umbo la windos, yaani "nyeupe". Wakelti walikaa sehemu kubwa ya Ulaya kabla ya dola ya Roma, na neno hilo limeacha alama mbali na Uskoti. Vindobona, kambi ya Warumi iliyosimama mahali palipo na jiji la Vienna leo, huaminiwa kubeba mzizi huo. Lugha za Kikelti zilipoachana, sauti ya mwanzo ilibadilika. Kwa Waayalandi na Waskoti ikawa f, na kwa watu wa Wales ikawa gw. Hivyo Wales ina gwyn kwa kiume na gwen kwa kike, na humo mmetoka Gwen na Gwendolen. Humo pia mmetoka Gwenhwyfar, jina la mke wa Mfalme Arthur wa hekaya, ambalo Waingereza hulitamka Guinevere. Watu wa Cornwall, kusini-magharibi mwa Uingereza, walikuwa na umbo lao la jina hilohilo, nalo likaja kuenea duniani kote: Jennifer. Kwa hiyo Fiona na Jennifer, majina yasiyofanana hata kidogo sikioni, ni ndugu wa mbali wenye bibi mmoja.

Kwa Wagaeli, kumtaja mtu kwa rangi lilikuwa jambo la kila siku. Majina ya ubatizo yalikuwa machache, na katika bonde moja wangeweza kuishi akina Donald au John kadhaa. Rangi ya nywele ilimtofautisha huyu na yule. Rob Roy MacGregor, mfuga ng'ombe na mkaidi mashuhuri wa karne ya 18, aliitwa Roy kutokana na neno ruadh, "mwekundu", kwa sababu ya nywele zake. Duncan ni jina lenye mzizi wa rangi ya kahawia. Weupe ulikuwa na heshima ya pekee, kwani fionn halikutaja rangi tu, bali pia uzuri na usafi. Finlay, jina la kiume la Uskoti linalopendwa hadi leo, maana yake ni shujaa mweupe. Finbar ni mwenye kichwa cheupe. Hata ukoo wa MacKinnon umeficha neno hilohilo ndani yake, ingawa herufi ya f imemezwa na matamshi: ni wana wa Fingon, "aliyezaliwa mweupe".

Aliyelifanya neno hilo kuwa kubwa kuliko yote ni Fionn mac Cumhaill, kiongozi wa kikosi cha wapiganaji wawindaji waitwao Fianna. Hekaya zake zilisimuliwa kwa karne nyingi Ayalandi na Uskoti, kwa sababu bahari iliyo kati ya nchi hizo ni nyembamba na watu wake walikuwa na lugha moja ya fasihi. Masimulizi yanasema kwamba utotoni aliitwa Demne, na jina la Fionn alilipata baadaye kwa sababu ya weupe wa nywele zake. Alipokuwa mwanafunzi wa mshairi mzee, aliachiwa kazi ya kuchoma samaki mwenye elimu yote ya dunia. Akaungua kidole gumba, akakitia mdomoni, na elimu yote ikamwingia yeye badala ya mwalimu wake. Mwanawe aliitwa Oisín, na mjukuu wake Oscar. Oisín ndiye anayesemekana kubaki hai baada ya Fianna wote kufa, akiwa mzee anayesimulia habari za wenzake. Huyu ni mtu wa kukumbukwa, kwa sababu bila yeye jina la Fiona lisingekuwapo.

Wanawake nao walikuwa na majina ya weupe, lakini hayakuwa Fiona. La zamani na tukufu zaidi ni Fionnghuala, "mwenye bega jeupe", ambalo leo huandikwa Fionnuala au Finola. Huyo ndiye binti wa Lir katika hekaya inayojulikana na kila mtoto wa Kiayalandi. Mama wa kambo mwenye wivu alimgeuza yeye na kaka zake watatu kuwa mabata maji, wakaishi hivyo miaka 900. Miaka 300 kati ya hiyo waliikaa katika maji makali yaliyo kati ya Ayalandi na Uskoti, na Fionnuala aliwakinga kaka zake kwa mbawa zake usiku wa barafu. Uskoti jina hilo likafupika na kuwa Fionnghal. Hapo ndipo lilipokutana na historia ya kweli.

Flora MacDonald, mwanamke mashuhuri kuliko wote wa Nyanda za Juu, alizaliwa mwaka 1722 katika kisiwa cha South Uist. Kwa Kigaeli aliitwa Fionnghal. Flora, jina la mungu wa kike wa maua wa Warumi, lilikuwa umbo la kuandikia tu, kwa sababu makarani na wachungaji walizoea kubadilisha majina ya Kigaeli kuwa yale waliyoyafahamu. Mwezi Juni 1746, baada ya kushindwa kwa jeshi la Mwanamfalme Charles Edward Stuart, lililopigania kuurudisha ukoo wake kwenye kiti cha ufalme wa Uingereza, yeye ndiye aliyemvusha mkimbizi huyo kwa mashua hadi kisiwa cha Skye, mwanamfalme akiwa amevishwa nguo za kijakazi wa Kiayalandi aliyepewa jina la Betty Burke. Flora alikamatwa, akapelekwa London, akaachiwa mwaka uliofuata. Baadaye alihamia North Carolina pamoja na mumewe, akarudi, na akafariki Skye mwaka 1790. Kama jina lake la nyumbani lingeandikwa kama lilivyotamkwa, pengine Uskoti isingehitaji kutunga Fiona hata kidogo.

Vita vilivyomfanya Flora kuwa shujaa ndivyo vilivyomlea mtu wa kwanza kutajwa katika habari za jina hili. James Macpherson alizaliwa mwaka 1736 Ruthven, katika wilaya ya Badenoch, katikati ya Nyanda za Juu. Alikuwa na umri wa miaka tisa tu jeshi la Charles lilipovunjwa pale Culloden, tarehe 16 Aprili 1746, si mbali na kwao. Serikali ya London ikapiga marufuku mavazi ya Kigaeli, na sheria hiyo ikadumu hadi mwaka 1782. Mamlaka ya machifu yakavunjwa. Mtoto aliyekua akisikiliza mashairi ya Fionn na Oisín kando ya moto akawa kijana anayeona ulimwengu huo ukififia.

Mwaka 1760 Macpherson alichapisha vipande vya mashairi aliyosema amevitafsiri kutoka Kigaeli. Vilipokewa kwa shangwe Edinburgh, na wasomi wakamchangia fedha akazunguke vijijini na visiwani kukusanya mengine. Matokeo yake yalikuwa tenzi mbili ndefu, Fingal na Temora, zilizotoka kati ya mwaka 1761 na 1763. Fingal ndiye Fionn, na mtunzi, kwa madai ya Macpherson, alikuwa Ossian, yaani Oisín, mshairi kipofu wa karne ya tatu. Ulaya ilipagawa. Mwandishi Mjerumani Goethe aliingiza sehemu ndefu za Ossian katika riwaya yake ya Werther ya mwaka 1774, na Napoleon alikuwa msomaji mkereketwa. Lakini London kulikuwa na mtu asiyekubali. Samuel Johnson, mtunzi wa kamusi ya Kiingereza, alisema waziwazi kwamba mashairi hayo ni ya kughushi, akadai hati za kale zionyeshwe. Hazikuonyeshwa.

Ubishi huo uliendelea hata baada ya Macpherson kufariki mwaka 1796. Kamati ya Jumuiya ya Nyanda za Juu iliuchunguza na kutoa taarifa mwaka 1805, na mwaka 1952 mtaalamu wa Kigaeli Derick Thomson alichapisha utafiti unaoonyesha kwamba Macpherson alitumia nyimbo halisi zaidi ya kumi za mapokeo simulizi, akazikata, akaziunganisha na kuongeza mengi ya kichwani mwake. Hukumu ya haki, basi, haiko upande wa Johnson peke yake. Macpherson alidanganya aliposema anatafsiri utenzi mzima wa kale. Lakini hakuokota kila kitu hewani, na nyakati ambazo Kigaeli kilidharauliwa kuwa lugha ya washenzi, aliwafanya wasomi wa Ulaya waamini kwamba kina fasihi ya kuheshimiwa.

Jambo lisilobishaniwa ni athari yake katika majina ya watu. Oscar, mjukuu wa Fionn, alipendwa na Napoleon kiasi kwamba mtoto wake wa ubatizo aliitwa hivyo. Mtoto huyo alikuwa mwana wa Jenerali Bernadotte, na baba yake alipochaguliwa kuirithi Sweden, jina likaenda naye. Mwaka 1844 alitawazwa kuwa Mfalme Oscar wa Kwanza. Selma, jina la jumba la Fingal katika tenzi hizo, likawa jina la wasichana wa Sweden, akiwamo Selma Lagerlöf, mwanamke wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel ya Fasihi, mwaka 1909. Malvina, mchumba wa Oscar, ni jina lililotungwa na Macpherson mwenyewe. Katika kundi hilo ndimo kamusi za majina huliweka Fiona.

Ushahidi wa utunzi umo ndani ya jina lenyewe. Kigaeli hakina desturi ya kulifanya neno kuwa jina la mwanamke kwa kulibandika a mwishoni. Huo ni utaratibu wa Kilatini, uliozaa Julia kutoka Julius na Claudia kutoka Claudius. Mtu aliyeunda Fiona alichukua neno la Wagaeli akalivisha vazi la Warumi, ili msomaji asiyejua Kigaeli alitambue mara moja kuwa ni la kike. Vijijini, Waskoti walikuwa na njia yao ya kufanana na hiyo, isiyo na mapambo ya kitabu. Binti alipozaliwa na familia ikataka kumheshimu babu, jina la kiume liliongezwa -ina. Hivyo wakapatikana akina Donaldina, Hughina, Murdina na Jamesina. Mmoja wao ni Williamina Fleming, aliyezaliwa Dundee mwaka 1857, akahamia Marekani, akafanya kazi ya utumishi wa nyumbani kwa mkuu wa kituo cha nyota cha Harvard, na hatimaye akawa mnajimu ambaye mwaka 1888 aligundua wingu la anga za juu lenye umbo la kichwa cha farasi.

Fiona, hata hivyo, halikushika wakati wa Macpherson. Kwa zaidi ya miaka 100 lilibaki adimu, huku wasichana wa Uskoti wakiitwa Margaret, Mary, Janet, Agnes, Isabella na Jean. Kulikuwa na desturi iliyofuatwa na familia nyingi: binti wa kwanza alipewa jina la bibi mzaa mama, wa pili la bibi mzaa baba, na wa tatu la mama mwenyewe. Desturi kama hiyo haiachi nafasi kubwa kwa jina jipya. Ilihitajika nguvu ya namna nyingine kulitoa vitabuni.

Nguvu hiyo ilitoka kwa mwanamume. William Sharp alizaliwa Paisley, karibu na Glasgow, mwaka 1855. Likizo za utoto wake alizipitisha pwani ya magharibi, ambako alisikia ngano na nyimbo za Kigaeli. Alisoma Chuo Kikuu cha Glasgow bila kuhitimu, akasafiri Australia kwa sababu ya afya, kisha akahamia London na kuishi kwa kalamu. Aliandika wasifu wa washairi, tahakiki, riwaya na makala zisizo na idadi. Alikuwa mtu mrefu, mchangamfu na mwenye marafiki wengi, lakini hakuna aliyemwona kuwa mwandishi mkubwa.

Mwaka 1894 kilitoka kitabu kiitwacho Pharais, kisa cha mapenzi na huzuni katika visiwa vya Hebrides, na mwandishi wake alikuwa mwanamke asiyejulikana: Fiona Macleod. Vitabu vingine vikafuata kwa kasi. Wahakiki walivutiwa. Hapa, walisema, ni sauti ya kweli ya Wagaeli, inayoandika kutoka ndani. Mshairi W. B. Yeats, aliyekuwa akiongoza mwamko wa fasihi ya Ayalandi, alimhesabu miongoni mwa wenzake. Hakuna aliyewahi kumwona akisoma mbele ya watu, na ilielezwa kwamba ni mpweke, anayeishi mbali na hapendi wageni. William Sharp alijulikana kama binamu na msemaji wake.

Fiona Macleod alikuwa William Sharp. Siri hiyo ilitunzwa kwa bidii inayostaajabisha. Barua za Fiona kwa wachapishaji na wasomaji zilinakiliwa na Mary, dada yake Sharp aliyeishi Edinburgh, ili mwandiko uwe wa kike na muhuri wa posta uwe wa Uskoti. Kitabu cha Who's Who, kinachoorodhesha watu mashuhuri wa Uingereza, kilikuwa na habari za Fiona Macleod kama mtu aliye hai. Waandishi wa magazeti walipodai kwamba Sharp ndiye Fiona, alikana. Waliojua ukweli walikuwa wachache: mkewe Elizabeth, dada yake, na marafiki wa karibu. Mmoja wa hao alikuwa Edith Wingate Rinder, mwanamke aliyemwamshia hisia alizoziandika kwa jina la Fiona, na ambaye kitabu cha Pharais kilitabarukiwa kwa herufi za mwanzo za jina lake.

Sababu za kujificha zilikuwa nyingi kuliko moja. Ya kwanza ni ya kazi: wahakiki waliokwisha kumzoea Sharp kama mwandishi wa kukidhi riziki wasingekipa kitabu cha Pharais usomaji wa haki. Ya pili ni ya ndani zaidi. Elizabeth alieleza katika wasifu wa mumewe, uliotoka mwaka 1910, kwamba kwa Sharp, Fiona alikuwa upande mwingine wa nafsi yake, wenye namna yake ya kuhisi na kuandika. Ni rahisi leo kuuona mchezo huo kuwa ulaghai mtupu, na wapo waliokasirika hivyo ukweli ulipojulikana. Lakini mtu hawezi kubeba mzigo huo kwa zaidi ya miaka 10, akiandika mara mbili ya nguvu zake huku moyo wake ukiwa mgonjwa, kwa ajili ya utani. Sharp alifariki tarehe 12 Desemba 1905 huko Maniace, Sisilia, akiwa mgeni wa rafiki yake, akazikwa hapohapo chini ya msalaba wa Kikelti. Aliacha barua za kupelekewa marafiki baada ya kifo chake, zikiwaeleza kwamba Fiona hakuwa mtu mwingine ila yeye.

Umbo la Fiona, kwa maelezo ya Sharp, lilikuwa kifupisho cha Fionaghal, yaani jina lilelile la Flora MacDonald. Iwe alilipata hivyo au alilisoma mahali, jina sasa lilikuwa na uso na sauti. Baada ya kifo chake halikufifia. Tamthilia ya Fiona Macleod, The Immortal Hour, iligeuzwa kuwa opera na Rutland Boughton, ikaonyeshwa kwa mara ya kwanza Glastonbury mwezi Agosti 1914, wiki chache baada ya Vita Kuu ya Kwanza kuanza. Ilipoletwa London mwaka 1922 ilionyeshwa mara 216, idadi isiyo ya kawaida kwa opera ya Kiingereza. Maelfu ya watu waliosoma jina hilo kwenye karatasi za maonyesho hawakuwa wamewahi kufungua Ossian.

Karne ya 20 ikalipa jina hilo watoto halisi. Wazazi wa Uskoti waliotaka jina la kwao, tofauti na Margaret na Elizabeth, walikuwa na shida moja: majina mengi ya Kigaeli huandikwa kwa namna inayomchanganya asiyejua lugha. Eilidh hutamkwa kama "Eili", na Mhairi hutamkwa kama "Vari". Fiona halikuwa na tatizo hilo. Lilinukia Uskoti, lakini karani yeyote wa London au Sydney aliweza kuliandika. Mwaka 1947 mchezo wa muziki wa Brigadoon, unaohusu kijiji cha Uskoti kinachoonekana siku moja tu kila baada ya miaka 100, ulianza kuonyeshwa New York, na msichana wake mkuu aliitwa Fiona. Filamu yake ilifuata mwaka 1954. Kilele Uskoti kilikuwa miaka ya 1960 na 1970. Mwaka 1975 Fiona lilikuwa bado miongoni mwa majina 10 ya kike yanayoongoza nchini humo. Kisha likaanza kushuka, kama yanavyoshuka majina ya kizazi cha mama, na nafasi yake ikachukuliwa na majina kama Isla na Skye, ambayo chimbuko lake ni visiwa vya Uskoti.

Nje ya Uskoti lilikuwa na safari yake. Australia, nchi ya wahamiaji wengi wa Kiskoti, ilikuwa na akina Fiona wengi katika kizazi hichohicho. Anayejulikana sana huko ni Profesa Fiona Stanley, mtafiti wa afya ya watoto, ambaye hospitali kubwa iliyofunguliwa karibu na Perth mwaka 2014 imepewa jina lake. Marekani ilichelewa. Huko jina halikuwa la kawaida kabla ya miaka ya 1990, alipovuma mwimbaji Fiona Apple. Mwaka 2001 ikaja filamu ya katuni ya Shrek na binti mfalme wake Fiona, aliye mrembo mchana na zimwi usiku. Katika kitabu cha William Steig cha mwaka 1990 kilichozaa filamu hiyo, binti mfalme huyo hana jina. Watengenezaji wa filamu ndio waliompa. Kwa watoto wa dunia nzima, huyu ndiye Fiona wa kwanza waliyemjua, na kwa mara nyingine jina lilisambazwa na mtu wa kubuni. Mwezi Septemba 2022 lilisikika kwa huzuni, pale kimbunga Fiona kilipoipiga Puerto Rico na kisha mashariki mwa Canada. Madhara yake yalikuwa makubwa kiasi kwamba Shirika la Hali ya Hewa Duniani liliondoa jina hilo katika orodha ya vimbunga vya Atlantiki.

Afrika Mashariki pia ina akina Fiona wake, na si vigumu kudhani kwamba waliletwa na wamisionari wa Kiskoti. Wamisionari hao kweli waliacha majina: Thogoto, makao ya misheni ya Kanisa la Uskoti karibu na Nairobi, ni neno Scotland katika matamshi ya Kikuyu. Lakini hesabu ya miaka inakataa. Kizazi cha kwanza cha wamisionari hakikuwa na Fiona. Mama yake David Livingstone aliitwa Agnes, mkewe Mary, na mabinti zake waliokua ni Agnes na Anna Mary. Tena Fiona si jina la Biblia, na hakuna mtakatifu wa Kanisa Katoliki mwenye jina hilo, kwa hiyo halikuwa katika majina ya kuchaguliwa siku ya ubatizo kama Agnes au Margaret. Lilipofika Kampala na Nairobi lilifika likiwa jina la kisasa, lililopendwa kwa uzuri wake tu. Linakaa vizuri mdomoni, kwani lina silabi tatu, zote zimeishia kwa irabu, na mkazo uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kama ilivyo kawaida ya Kiswahili.

Uganda imelipa hata tahajia yake: Phiona, na wakati mwingine Phionah. Ph hiyo haina asili katika Kigaeli. Mwenye jina hilo anayejulikana zaidi ni Phiona Mutesi, msichana aliyekulia mtaa wa Katwe, Kampala, akafundishwa sataranji na Robert Katende, akaiwakilisha Uganda katika mashindano ya dunia ya timu za wanawake. Habari zake ziliandikwa na Tim Crothers katika kitabu cha mwaka 2012, na mwaka 2016 zikawa filamu ya Queen of Katwe iliyoongozwa na Mira Nair, Lupita Nyong'o akiigiza kama mama yake.

Yapo pia majina yanayofanana na Fiona bila undugu wowote. Ffion la Wales, lenye f mbili, ni jina la ua liitwalo foxglove kwa Kiingereza, na halina uhusiano na weupe. Fíona la Ayalandi, lenye alama juu ya i, hufasiriwa kutokana na fíon, yaani divai. Fionnuala na Finola, kwa upande mwingine, ni ndugu wa kweli wa mzizi mmoja, ingawa ni majina kamili yanayojitegemea. Uskoti kwenyewe jina hufupishwa nyumbani kuwa Fi.